Wa Tatu Kutoka Kulia

Mamangu alipostaafu kazi ya dobi katika hoteli moja ya Diani, walimpa keki, soda na picha kubwa iliyotiwa fremu. Keki ililiwa palepale. Picha ilikuja nyumbani Msambweni kwa tuktuk, imezungushiwa shuka kuukuu la hoteli, mamangu ameikumbatia njia nzima asije akaivunja kioo. Alipoifungua sebuleni nilikuwa nimekaa mkekani nikimlisha binti yangu uji. Niliitazama, nikaweka bakuli chini.

Ilikusudiwa kuwa picha ya wafanyakazi wote wa hoteli wamesimama safu tatu, wanapunga mikono, bahari iko nyuma yao. Nilichokiona mimi ni bahari. Bahari nzuri, sikatai, ya buluu inayoelekea kijani, na kisiwa cha Chale kwa mbali. Mbele yake palisimama sare nyeupe zenye kola zilizonyooka, na juu ya kola hapakuwa na shingo. Viganja vilielea hewani. Wanawake wa dobi walikuwa wamevaa mitandio myeupe, kwa hivyo kila mmoja wao alikuwa duara la kitambaa, na ndani ya duara, maji. Ukikaza macho uliona kivuli cha pua. Katikati ya hayo yote alikaa meneja, Mzungu wa watu, kwenye kiti, ameonekana mpaka vinyweleo vya mkono.

"Mimi ndiye huyu," mamangu alisema, akaweka kidole juu ya wimbi lenye povu kidogo. "Wa tatu kutoka kulia, safu ya mbele."

Binti yangu alisogea na mdomo wake wa uji, akatazama pale kwenye kidole. "Bibi hayuko," akasema.

"Nipo, mjukuu wangu. Ni mwanga tu ule."

Haukuwa mwanga. Nilijua ni nini, maana ndiyo kazi inayonilisha.

Nimesoma mpaka kidato cha nne nikaishia hapo. Baba wa mtoto yuko Mombasa, na tumwache hukohuko. Mimi nafanya kazi katika duka la kuchapisha pale Ukunda: kadi za harusi, kalenda, fulana, mabango ya watu wanaotaka kura. Binti yangu amekulia chini ya meza ya kukatia karatasi, ndani ya katoni niliyoitandika leso. Kazi nilifundishwa na mwenye duka, mwanamke mkali asiyependa kurudia neno, na kitu cha kwanza cha maana alichonifundisha kilikuwa maski.

Maski, kwa asiyeijua, ni picha ya pili unayoilaza juu ya picha ya kwanza ili kuiamuru ionekane wapi na isionekane wapi. Yenyewe ina weusi na weupe tu. Pale maski ilipo nyeupe, picha yako inaonekana yote. Pale ilipo nyeusi, picha inafichika na kilicho chini yake kinajitokeza. Kijivu ni katikati, unamwona mtu nusu kama unavyomwona aliyelala ndani ya chandarua. Unaweza kuichora maski kwa mkono, kwa brashi ya kompyuta, polepole ukifuata ukingo wa kitu. Au unachukua picha nyingine yoyote, pazia la lesi, kuti la mnazi, ukaitia ndani ya maski, na weusi na weupe wa picha hiyo ukafanya kazi badala ya mkono wako. Unaweza hata kuitia picha ileile ijifanyie maski yenyewe. Hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote.

Nilijifunza njia hiyo kwa sababu ya moshi. Bibi harusi mmoja wa Bodo alitaka kadi yenye moshi wa udi unaopita juu ya maandishi, na moshi haukatiki kwa mkasi wala kwa brashi. Mwenye duka aliniambia niende nikafikiri. Nilirudi nyumbani, nikalitundika buibui la mamangu mlangoni, nikaweka chetezo mbele yake. Mamangu alipuliza makaa, akatia udi, akashikilia dirisha upepo usiingie, akikohoa na kuniuliza kama hii ndiyo kazi au ni mchezo. Nikapiga picha kwa simu.

Kesho yake nikaitia ile picha ndani ya maski yake yenyewe. Buibui likatoweka lote. Weusi wake kwa mashine haukuwa kitu. Ukabaki moshi peke yake, mwepesi, unaopanda, maandishi yanasomeka ndani yake. Nikamtumia mamangu kwenye simu, na jioni akaniuliza, "Na buibui langu liko wapi?"

"Lipo, mama. Limefichwa tu."

"Haya. Maana kesho nalivaa."

Kwa hivyo nilipoiona picha ya kustaafu nilijua kilichofanyika kana kwamba nilikuwapo. Waliwapiga picha ukumbini, mamangu alishaniambia, mbele ya pazia jeusi la mikutano. Mtu akataka kuwatoa ukumbini awaweke baharini. Akaona pazia ni jeusi, akatumia njia ya moshi. Pazia likapotea kama alivyotaka, na watu wakapotea pamoja na pazia, kwa sababu mashine ilizisoma ngozi zao kama ilivyolisoma buibui. Zikabaki nguo walizopewa na hoteli, na viganja, maana viganja vyetu ni vyeupe zaidi. Na meneja.

Nilimweleza mamangu hivyo hivyo. Alinisikiliza huku akitafuta msumari.

"Wacha, mwanangu. Wamenipa kwa moyo."

"Wamekupa sare yako, mama. Hiyo sare ulishairudisha stoo."

"Nishikie fremu," alisema. "Iende sawa, usipinde."

Nikamshikia. Mtu akikuzaa unashika fremu.

Ikaja Idi. Kwetu siku ya Idi mlango haufungwi, wageni wanaingia wanatoka, mkate wa sinia huku, mahamri huku, na kila aliyekaa kwenye kochi alikuwa ameielekea ile picha ukutani. Kila mara mamangu aliinuka na leso yake na kwenda kuonyesha. "Wa tatu kutoka kulia." Watu wa adabu walitikisa kichwa. "Mashallah," walisema kwa bahari. Kisha akaingia jirani yetu wa nyuma, mwanamke ambaye hajawahi kumeza neno lililomfika mdomoni. Alisimama mbele ya picha, akaiinamia, akarudi nyuma hatua.

"Shoga," alimwambia mamangu, "wewe ulistaafu au ulizama?"

Sebule nzima ilicheka. Mamangu naye alicheka, ameziba mdomo kwa mkono kama kawaida yake. Ana pengo la mbele, na tangu nipate akili sijamwona akicheka bila kuliziba. Mimi nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Wageni walipoondoka nilitoka na ufagio, nikamkuta mbele ya ile picha. Alikuwa amekunja ncha ya leso, anasugua kioo. Hakusugua kioo chote. Alisugua mahali pamoja tu, wa tatu kutoka kulia, taratibu, kama vile mtu amepachafua. Aliponiona alikunjua leso, akasema kuna alama za vidole vya mtoto.

Hapo ndipo nilipoamua. Miaka yote hiyo amefua mashuka ya watu, amerudi nyumbani mikono imechubuka kwa dawa, amenisomesha kwa mikono hiyo, na kitu kimoja walichompa cha kuning'iniza ukutani hakina uso wake. Mjukuu wake ataota meno na kuyang'oa akitazama maji, akiambiwa ni bibi. Hapana.

Lakini sura huwezi kuitoa kwenye karatasi iliyochapwa bahari. Ilinipasa nilipate faili lenyewe, lile lenye matabaka yake, picha juu ya picha, kabla halijafutwa.

Nilimfunga binti yangu mgongoni nikaenda hotelini. Askari wa getini alikuwa anamjua mamangu, akaniuliza hali yake, akanipitisha. Nilielekezwa kwenye ofisi ndogo nyuma ya mapokezi, na mle nilimkuta kijana wa bara aliyeajiriwa kutengeneza matangazo ya hoteli. Alikuwa na adabu. Alinitolea kiti. Sikukaa.

"Picha ya wafanyakazi, yenye bahari, umeitengeneza wewe?"

"Eeh, ni mimi. Uliipenda?"

"Hapana."

Alinitazama vizuri. "Sasa sista, hiyo ni design. Tunaita blend. Watu na bahari zinakuwa kitu moja. Boss aliipenda sana."

"Ataichukia vipi? Yeye yuko mzima."

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. "Si hivyo. Hiyo siku nilikuwa mbio. Keki imefika, fundi wa fremu ananingoja, na kukata watu mmoja mmoja ni kazi ya siku mzima. Nikaweka picha yenyewe ndani ya maski. Ikatoka na kamwanga fulani, nikasema wacha ikae."

"Ulijua inavyofanya kazi."

"Nilijua."

"Na nani aliyewapiga?"

"Mimi. Niliweka kamera kwa stendi, nikaseti, nikakimbia nikasimama nyuma kwa hiyo laini ya mwisho."

"Basi nionyeshe uliposimama."

Aliifungua kwenye kompyuta. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja safu ya nyuma, kikasimama, kikasogea kushoto, kikarudi. Palikuwa na bahari. Kando yake palikuwa na kofia ya mpishi imekaa juu ya hewa.

"Nilikuwa hapa nyuma ya chef," alisema. "Nilikuwa na tisheti nyeusi."

"Kwa hivyo wewe hukubakiza hata kola."

 Aliisogeza picha karibu, akaikuza mpaka ikawa vinukta vya buluu, akaipunguza tena. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, nimeyapanga njia nzima kutoka Msambweni, na nikaona hayana pa kutua.

"Aki ya nani," alisema kwa sauti ndogo. "Na ingine kubwa kama hii iko hapo kwa korido, nimeipita kila siku. Sijawahi kujitafuta."

"Izime maski," nilimwambia.

Alibonyeza, ukatokea msalaba mwekundu juu ya kile kijipicha cha maski, na wote wakatokea.

Hicho ndicho kitu ninachokipenda katika maski, na nitakisema hata kama nina hasira. Maski haifuti. Inaficha tu. Picha iliyofichwa iko nzima wakati wote, haijaguswa, inangoja mtu aondoe mkono. Safu tatu za watu zilisimama mbele ya pazia la ukumbi, wenye shingo, wenye masikio, mpishi ana jasho, kijana mwenyewe yuko nyuma anahema kwa mbio, jicho moja limefumba.

Nikahesabu kutoka kulia. Mamangu alikuwa anacheka. Mkono mmoja ulikuwa juu anapunga kama walivyoambiwa, wa pili ulikuwa umeshikwa na mwenzake wa dobi aliyesimama ubavuni. Hakubaki na mkono wa kuziba. Mdomo ulikuwa wazi wote, pengo na yote. Na nikatambua lile povu. Lile povu dogo juu ya wimbi, pale alipokuwa akiweka kidole, halikuwa povu. Lilikuwa meno yake. Tulikuwa tumeyatazama siku zote hizo na hakuna aliyejua kwamba kuna mtu mle ndani anacheka.

Binti yangu alikuwa amenyoosha shingo juu ya bega langu. "Bibi," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Kijana alinitilia faili kwenye flashi bila kuniuliza tena. "Lakini ile ya korido siwezi toa," alisema. "Boss mwenyewe ndio aliitundika. Nitajaribu kumwambia."

"Mwambie hata wewe huonekani."

"Nitamwambia."

Sijui kama alimwambia. Ile ya korido nitairudia.

Kesho yake mamangu alipanda gari nami mpaka Ukunda, akisema anakwenda sokoni kutafuta bamia, lakini hakufika sokoni. Alikaa kando yangu dukani, mkoba mapajani, mtoto miguuni. Mwenye duka alimwamkia shikamoo, akamletea chai, akanipa mimi jicho lililomaanisha nifanye kazi ya mama kwanza na za wateja baadaye.

Sikuanza na kazi. Nilianza na utundu. Niliichukua ile maski ya hoteli nikaigeuza, jambo ambalo ni la kubonyeza tu: weupe wote ukawa weusi, weusi wote ukawa weupe. Sare zikayeyuka. Mitandio ikayeyuka. Viganja vikaenda. Pazia la ukumbi likarudi, na mbele yake zikabaki nyuso za watu wetu na mikono yao, na kijana wa safu ya nyuma na tisheti yake. Na pale kwenye kiti, katikati, pakawa na nywele kidogo na saa ya mkononi, na mawimbi yanapita.

Mamangu aliweka kikombe chini. "Yuko wapi bwana wa watu?"

"Amestaafu," nilisema.

Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Mkono ulikuwa mdomoni, lakini umechelewa.

"Mrudishe," alisema alipopata pumzi. "Mrudishe, atashikwa na homa humo majini."

"Akae kidogo."

Alikaa mpaka tulipomaliza chai.

Kisha niliitupa ile maski nikaanza yangu upya, kwa brashi, kichwa kimoja kimoja. Ni kazi ya kuinamia. Unakuza picha mpaka shavu la mtu linajaa kioo kizima, unafuata ukingo wake, weupe ndani, weusi nje, na kwenye ncha za nywele unapunguza nguvu ya brashi ili zisionekane zimekatwa kwa wembe. Mamangu hakusaidia kitu na hakunyamaza. Kila aliyekuwa akitoka majini alikuwa na habari zake. Huyu alikuwa akipiga pasi huku anasinzia na hajaunguza hata foronya. Huyu aliolewa Shimoni akawa anaamka usiku kuwahi gari, asichelewe hata siku moja. Huyu wa safu ya pili alikuwa mtu wa bara, Mkristo, na kila Ramadhani alikuwa akichukua zamu za mchana za waliofunga wasisimame kwenye joto la mashine. Nilikuwa simjui hata mmoja. Nilikuwa nimewakasirikia hoteli kwa ajili ya mtu mmoja tu, na sasa walikuwa wamejaa mezani kwangu.

Yeye nilimwacha wa mwisho. Nilipofika mdomoni aliegemea mbele.

"Kumbe nilicheka hivi."

"Ulichekea nini?"

Alifikiri. "Huyu mwenzangu alininong'oneza kwamba meneja amekalia keki. Kumbe ilikuwa kasha tupu." Akatazama tena. "Pengo lote nje."

"Nalijaza sasa hivi, mama. Nachukua jino la pembeni nalileta hapa, hakuna atakayejua."

 Mtoto alikuwa amelala juu ya miguu yake. Mimi nilingoja na brashi yangu, na kusema kweli nilikuwa naogopa atakubali.

"Liache," alisema. "Linakuzidi umri."

Tulichapa kubwa moja, tukaitia kwenye fremu ileile. Siku hizi mgeni akija mamangu hainuki. Anaendelea kukuna nazi yake, na mgeni anajionea. Jirani wa nyuma alipoiona alisema, "Ahaa, umeopolewa," akaomba sukari aliyoijia.

Mamangu aliniomba pia nimchapie ndogo ndogo, za kutosha wenzake wa dobi wote. Alizichukua mwenyewe, akawapelekea majumbani kwao mmoja baada ya mwingine, Ukunda, Diani, mpaka kwa yule wa Shimoni. Alirudi amechoka lakini ana furaha, miguu imevimba, akaniambia nimchapie tena kidogo, za akiba.

Sikuuliza za akiba ni za nini.

Ile kubwa ya korido bado ipo. Imetundikwa kwenye njia inayotoka mapokezi kwenda dobi, na wanawake wale wanapita mbele yake na mikokoteni ya mashuka, kwenda na kurudi, wamezama. Hasira yangu kuhusu hilo haijapoa na sina haraka nayo. Lakini nasikia kutoka kwa askari wa getini kwamba kuna jambo linawasumbua ofisini. Kwenye kona ya fremu ile, chini, upande wa kulia, mtu hubandika picha ndogo ya watu wenye nyuso. Wanaibandua. Baada ya muda ipo tena. Wameuliza dobi, wameuliza jikoni, wamemuuliza hata yule kijana wa matangazo, na kila mtu anasema hajui.

Nilimuuliza mamangu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Mimi nimestaafu, mwanangu," alisema. "Hebu nichapie nyingine."